Mgonjwa Ambaye Hajaagwa

Mahona hakuwa mtu wa kuogopa sindano. Aliyechanjwa chale kifuani angali hajaota meno hashtuliwi na kijisindano chembamba kama unywele. Kilichomshangaza ni kuchomwa mkononi, karibu na kidole gumba, wakati kinachouma ni taya.

"Mayu, mama yangu, umepotea njia," alimwambia binti aliyemchoma. "Maumivu yako huku juu."

"Nayajua yalipo, baba. Wewe tulia," Joyness akajibu, akachomeka nyingine mbele ya sikio.

Joyness alipanga chumba nyuma ya duka la mbegu pale Bariadi mjini, akitibu kwa sindano za Kichina. Mahona hakwenda kwake kwa kupenda. Miezi minne gego la chini lilimtesa, taya likagoma, hata michembe, viazi vikavu, iliyochemshwa akawa anaimeza bila kutafuna. Alishakwenda kituo cha afya cha kwao. Kiti cha meno kipo, kinang'aa. Wakubwa walikuja na magari matano kukikatia utepe, wakala ng'ombe, wakaondoka. Daktari wa kukitumia hawakumleta. Manesi wanakianikia mashuka. "Rudi mwezi ujao," wakamwambia, wakampa na panado. Mkewe Esteria naye aliambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi ulifika, Esteria hakufika.

Sindano zilipotolewa, Mahona alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kimya. Hapaumi.

"Sikiliza, baba," Joyness akasema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Mimi nimelegeza taya, nimetuliza maumivu. Lakini jino limeoza na chini yake kuna usaha. Sindano yangu haitoi usaha. Chukua barua hii, kesho nenda hospitali waling'oe. Baada ya siku kumi rudi kwangu tuendelee na taya."

Mahona aliitika. Ila kilichomkaa kichwani ni hilo la mwisho: rudi kwangu.

Kwa baba zake, mgonjwa akishaingia mkononi mwa mganga hatoki mpaka mganga mwenyewe amuage: amnawishe mikono, amwambie nenda. Ukirukia kwa mwingine kabla ya hapo, dawa zinagombana, na anayekufa ni wewe. Joyness alimwambia arudi. Basi hajamuaga. Barua akaikunja, akaitia mfukoni.

Siku ya pili kilitokea kivimbe chini ya taya, kidogo kama mbegu ya pamba. Siku ya nne kikawa kama tumba la pamba lenyewe. Mahona alikuwa shambani anapulizia dawa, hana habari. Hakiumi. Hilo ndilo lilikuwa baya: hakiumi.

"Mahona, umemeza kengele ya ng'ombe?" jirani yake Bundala alimtania njiani.

"Nimeificha, usije ukaniibia," akajibu, akacheka kwa nusu ya mdomo. Nusu nyingine haikucheka.

Binti yake Violeth hakuona cha kuchekesha. "Baba, twende hospitali."

"Kwa nani? Kwa wale wa mwezi ujao?"

"Shingo inavimba!"

"Ingekuwa mbaya ingeuma. Halafu mganga wangu hajaniaga."

"Joyness si mganga, baba. Amesoma. Ana cheti ukutani."

"Na wale waliomuua mama yako hawakuwa na vyeti?"

Violeth akaokota ndoo, akaenda kuchota maji.

Siku ya sita sauti ya Mahona ilibadilika, ikawa ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Siku ya saba uji ulimshinda. Chini ya kidevu pakawa pagumu kama ubao, ulimi ukanyanyuka, mate yakawa yanadondokea shati naye hawezi kuyameza. Asubuhi ya siku ya nane Violeth hakuuliza tena. Alileta bodaboda mlangoni, akamsukumia baba yake juu, akapanda nyuma yake. Mahona alikubali kwenda kwa Joyness tu.

Joyness alimgusa chini ya kidevu, akaurudisha mkono haraka.

"Barua yangu uliipeleka?"

Mahona aliitoa mfukoni, bado imekunjwa. Violeth ndiye aliyejibu. "Anasema hujamuaga. Huwezi kwenda kwa mwingine kabla."

Kwao Joyness ni Binza, kule Maswa. Bibi yake mzaa mama aliagwa hivyo hivyo na mganga wake. Alilijua jambo hilo tangu utotoni, na hakulikumbuka. Akachota maji kwenye ndoo, akamnawisha Mahona mikono yote miwili.

"Nimekuaga, baba. Dawa yangu imeisha. Nenda, nenda sasa hivi."

Hakumchoma hata sindano moja. Hapo ndipo Mahona alipoogopa.

Hospitali walimpitisha mbele ya foleni nzima, na mtu aliyezoea foleni anajua maana yake. Daktari alimulika kurunzi mdomoni. Meno ya juu na ya chini yaliachana upana wa kidole, basi.

"Mzee, kwa nini umechelewa hivi?"

Mahona alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu Esteria azikwe: kiti, utepe, ng'ombe walioliwa, mwezi ujao. Alivuta pumzi aliseme lote, na pumzi ikaja kwa mluzi, nusu. Yalitoka mate.

"Usiongee. Nionyeshe kwa vidole. Uvimbe una siku ngapi?"

Mahona alinyanyua kidole kimoja. Cha pili. Cha tatu. Daktari alikuwa anaandika. Mkono mmoja ukaisha, Mahona akaleta wa pili. Kwenye kidole cha sita daktari aliweka kalamu chini, akamwita nesi kwa sauti ya chini, akamwambia aandae vifaa vya kutoboa koo apate kupumua, haraka, na huyu binti atoke nje.

Mahona bado alikuwa anahesabu.