Sekunde Saba za Njano

Nguzo ya taa ilikuwa kalamu ya biki. Héritière aliitoa wino, akapitisha nyaya ndani yake, akaziunga kwenye kadi ndogo ya mikrokontrola, kisha akaisimamisha juu ya boksi la sabuni alilochorea njia panda. Alipochomeka pawabanki ya simu, taa ya kijani iliwaka. Kisha njano, sekunde tatu. Kisha nyekundu. Akajipigia makofi peke yake.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa angesimama mbele ya majaji kuitetea kazi yake ya mwisho ya masomo ya elektroniki, na kila mwanafunzi alijua kwamba Profesa Modeste ana swali moja tu, analouliza kwa upole wa paka: "Umeipata wapi?" Mwaka uliopita wanne walibabaikia hapo, wakarudia mwaka mzima. Héritière hakutaka kurudia hata wiki. Ada yote ya masomo yake ilikuwa imeshuka kutoka Kibumba pamoja na viazi na kabichi, juu ya chukudu ya baba yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na magoti ya baba yalikuwa yameanza kulalamika.

Baba yake, Papa Dieudonné, alirudi saa kumi, akanawa, akaja kuangalia. Alichukua kiberiti, akakiweka juu ya barabara ya boksi.

"Iyi ni miye," alisema. "Niko na mifuko tatu ya viazi."

Akakisukuma. Njano ikawaka, kiberiti kikaendelea kuteremka, na nyekundu ikakikuta katikati ya njia panda.

"Unaona? Umeniua."

"Papa, wakati wa njano unafunga frein!"

"Frein gani?" Alinyanyua mguu wa kulia akamwonyesha soli ya kiatu iliyolika. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na anayekikanyaga ni mwenyewe. "Frein yangu ni iyi. Trois secondes haitoshe."

"Lakini Papa, internet yote inasema trois secondes."

"Basi iyo internet haijabebaka viazi."

Héritière alikasirika, tena sana. Miaka mitatu baba yake hakuwahi kuuliza hizo nyaya ni za nini, na siku ya kwanza ya kuziangalia akaona kosa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa sahihi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye chukudu alikuwa ameipanda utotoni tu, akikalishwa juu ya kabichi.

Asubuhi ya Alhamisi alimfuata baba yake hadi kwenye mteremko wa Kibati. Alisimama chini, simu mkononi, kitenge chekundu begani. Mzee aliteremka na mifuko yake mitatu, mbao zikilia, na Héritière akapunga kitenge: "Simama!" Guu likakanyaga tairi, vumbi likatimka. Sekunde sita na nusu. Wakaisukuma chukudu juu tena, wote wawili, na kabla hawajafika nusu ya kilima binti alikuwa ameishiwa pumzi.

"Kila siku ni hivi, Papa?"

"Hapana," alisema mzee. "Kila siku niko peke yangu."

Hakusema kwa uchungu, alikuwa anacheka, lakini Héritière aligeuza uso. Kwa jumla walijaribu mara tisa. Hakuna mara iliyozidi sekunde saba. Nyumbani alifungua programu, akafuta 3, akaandika 7. Kazi ya siku nzima ikawa tarakimu moja.

Ijumaa Papa Dieudonné alivaa koti la kanisani, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Taa iliwaka vizuri. Majaji waliitikia kwa vichwa, wakafunua kurasa. Profesa Modeste akainua macho, akaacha Kifaransa kwa heshima ya wazazi.

"Mademoiselle, njano yako inachukua sept secondes. Vitabu vinasema trois. Umeipata wapi?"

Kutaja mtaalamu wa Ulaya kungekuwa rahisi, nani angekwenda kumtafuta?

"Ukurasa wa mwisho, Professeur. Source ya tano."

Profesa alilamba kidole, akafunua orodha ya vyanzo, akasoma kwa sauti: "Dieudonné, chukudeur, barabara ya Rumangabo, miaka thelathini na moja ya kazi. Majaribio tisa, mifuko mitatu ya viazi, barabara kavu."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayemfuata.

"Na iyi source iko wapi?"

"Iko nyuma, karibu na mulango."

Kusikia jina lake likisomwa mbele ya watu, mzee alidhani amefanya kosa. Alisimama wima, kofia kifuani, kama mtoto aliyeitwa darasani. "Présent!"

Profesa alimgeukia. "Papa, iyi sept inatosha?"

"Inatosha, Professeur. Lakini kukiwa mvua, ongeza moja."

Profesa Modeste alichukua kalamu, akaandika.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Héritière amefaulu, mzee akikohoakohoa njia nzima kuficha furaha. Penye kona mzee alisimama.

"Ule mustari, soma tena."

Akamsomea. Kisha akamsomea tena.

"Na bale ine ba mbele yangu, ni banani?" aliuliza, akimaanisha vile vyanzo vinne vya kwanza.

"Ni batu ba vitabu, Papa. Maprofesa."

"Kuko moja mwenye alibebaka viazi?"

"Hakuna."

Mzee alivaa kofia yake vizuri. "Basi mara ingine," alisema, "uniweke wa kwanza."