Mashine ya Binti Yangu

"Kitu kidogo tu," alisema bosi Stanslaus, ameegemea meza ya Jenipha. "Pale tawi la Sirari madalali wanatuletea dhahabu iliyochanganywa shaba. Punguza kipimo kidogo, tusiumie."

Jenipha hakupenda, lakini bosi ni bosi. Kampuni ile ya kununua dhahabu, yenye ofisi kuu hapa Bomani, ilikuwa na mwandishi mmoja tu wa programu, naye ni yeye. Kifurushi chake, programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, kilichukua uzito wa dhahabu hewani na uzito wake majini, kikatoa kiwango cha usafi. Alikiweka kwenye seva ya kampuni, watu wa nje wasikione, na kila tawi lilipowasha kompyuta asubuhi lilivuta lenyewe toleo jipya. Alijivunia sana ufundi huo. Zamani kosa dogo tu lilimpandisha bodaboda tawi hadi tawi, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Basi, kwa haraka ya kumridhisha mtu, akaandika punguzo ndani ya kifurushi chenyewe badala ya kwenye mipangilio ya Sirari. Akakipandisha kwenye seva, akaenda kunywa chai.

Mwisho wa mwezi alikwenda Kenyamonta kumsalimia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Mama yake, Teresia, alikuwa kando ya beseni, viganja vimechubuka kwa kuosha marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wenye nguvu huukamua kwanza ndipo wawaachie akina mama.

"Dhahabu yetu siku hizi mbovu," alisema huku akimpakulia ugali. "Tawini wanasema usafi umeshuka, ya kila mtu. Wenzangu wanataka tumpelekee yule mnunuzi wa sokoni, eti anatoa zaidi. Nikawaambia, nyie, yule mwizi! Hii ni mashine ya binti yangu. Itaniibiaje mimi?"

Jenipha akarudisha tonge sahanini. Punguzo la Sirari lilikuwa limefika kila tawi, kwa ufundi wake mwenyewe. Aliona aibu, ile inayochoma masikio, na bado akamaliza ugali, akaaga.

Jumatatu alimfuata Stanslaus.

"Bosi, lile punguzo limeingia matawi yote. Naliondoa leo."

"Najua limeingia," alijibu bila kuinua macho kwenye simu. "Nani amelalamika? Liache."

"Mama yangu anauza Kenyamonta."

"Basi ashukuru ana mtoto mwenye kazi."

Jenipha alirudi mezani kwa hasira. Akafuta punguzo, akajaribu kupandisha toleo safi. Seva ikakataa neno lake la siri. Akaliandika tena polepole, herufi kwa herufi. Ikakataa. Kule mezani kwake, Stanslaus sasa alikuwa ameinua macho, anamtazama.

Simu ikaita.

"Mwanangu, tuko kwenye foleni hapa tawini," sauti ya mama ilikuwa na furaha tele. "Nimewaleta wote. Ila mama Mwikwabe bado anabisha, anasema tunapunjwa. Nimeweka spika. Hebu mwambie wewe mwenyewe kama inapima sawa."

Upande wa pili akina mama walinyamazishana, wakasogea karibu na simu wamsikie.