Beji ya Miaka Ishirini na Mitano

Lorna Pruitt ndiye aliyeziomba beji zile, na hilo tuliseme mapema ili asije akamlaumu mtu. Asubuhi, mumewe akiwa bado bafuni, aliteremka mpaka mapokezi ya hoteli yao, moja ya hoteli za bustani ya burudani huko Florida, akamwambia binti wa pale kwamba wanaadhimisha miaka ishirini na mitano ya ndoa. Binti akashangilia kana kwamba ni yeye aliyeolewa. Akaandika kwa wino mzito majina yao, Lorna na Dwight, na tarakimu 25 katikati ya moyo mwekundu. Kule hakuna anayekuuliza cheti. Ukisema unasherehekea, unasherehekea, na kila mfanyakazi atakayeiona beji, kuanzia mfagiaji hadi dereva wa treni, atakupigia kelele za hongera.

Ukweli ni kwamba siku yenyewe ilipita Machi, na sasa ilikuwa Oktoba. Machi ile Dwight alikunywa kahawa yake, akasoma habari za mpira, akaenda kazini. Lorna naye akanyamaza, akingoja jioni, na jioni ikaja mikono mitupu. Mwezi wa nane ndipo mwanamume akatoa la moyoni: kuna fleti mjini Columbus, karibu na kazini, na anafikiria kuichukua. Ya mtu mmoja.

"Bado sijaamua," alisema. "Twende Florida kwanza. Tukimaliza baa ya tano nitakujibu."

Baa ya tano, kwa sababu huo ndio ulikuwa mzunguko wao. Miaka kumi na minne mfululizo, kila Oktoba, waliwaachia wenye watoto bustani ya burudani na foleni zake, wao wakapanda treni ya juu kutoka hoteli hadi hoteli. Baa tano, kinywaji kimoja kila baa, kuanzia saa sita mchana, na hakuna kuruka hata moja. Mwaka mmoja Dwight alikuwa na homa akazimaliza zote kwa maji ya limau. Wengine huenda kuhiji kwa magoti. Hawa walihiji kwa glasi.

Lorna alimbandika beji kifuani kwa mkono wake, mlangoni mwa chumba. Dwight akaiinamia, akaisoma.

"Ilikuwa Machi," akasema.

"Najua."

Hakuivua. Lorna akaona hiyo ni dalili njema. Mfa maji haishi kutapatapa.

Baa ya kwanza imejengwa kama tumbo la nyambizi, na samaki wa plastiki hupita nje ya madirisha ya duara. Kila robo saa king'ora hulia, taa zikawa nyekundu, na watu wazima wenye wajukuu huinama wote upande mmoja kana kwamba chombo kinazama kweli. Mhudumu, aliyevaa kofia ya nahodha, aliziona beji hata kabla hawajaketi.

"Mabaharia!" akanguruma. "Humu ndani mna wawili waliokaa chini ya maji miaka ishirini na mitano bila kuishiwa pumzi!"

Makofi yakapigwa. King'ora kilipolia, Lorna aliinama kama kawaida. Miaka yote Dwight huinamia kwake mpaka mabega yakagongana. Mara hii aliinamia ukutani, na Lorna akajiambia labda amekosea upande.

Baa ya pili ni ya maharamia. Walikuta wanawake sita, ndugu wa tumbo moja kutoka Alabama, wamevaa fulana za rangi moja zilizochapwa majina yao. Aliyeandikwa Verlene, mkubwa wao, akaikodolea macho beji ya Dwight.

"Ishirini na mitano! Kaka, hata muuaji huachiwa gerezani mapema kuliko hapo!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Dwight alicheka kuliko wote, akacheka mpaka akajifuta macho, na kicheko hicho kilimchoma Lorna kuliko maneno yenyewe.

"Mwulize basi nani alikuwa anampikia huko gerezani," Lorna akajibu, watu wakacheka tena.

"Usimwachie, dada," Verlene akamwambia. "Mwanaume wa kukushikia mkoba siku hizi humpati hata kwa dawa."

Lorna akageuka. Kweli, mkoba wake wa kahawia ulikuwa umening'inia begani kwa Dwight. Ndivyo walivyozoea: siku ya mzunguko mkoba ni wa mume, mikono ya mke iwe huru kwa ajili ya glasi na picha. Dwight alikuwa ameuchukua bila kuombwa. Lorna alitoka mle akiwa na furaha ya kijinga.

Furaha ikazidi kwenye baa ya tatu, ile ya kisiwa, ambako kinywaji cha wawili huletwa katika bakuli moja lenye mirija mirefu, na ukikiagiza wahudumu hugonga ngoma na kukurushia maji wakisema ni tufani. Waliinamia bakuli, vipaji vya nyuso vikagusana. Dwight hakujitoa. Lorna akanywa polepole ili bakuli lisiishe.

Kwenye baa ya nne, ya chombo cha angani, mahali pa giza penye dirisha la nyota za uongo, uvumilivu ukamshinda.

"Dwight, niambie tu."

"Baa ya tano, Lorna."

"Umeshaamua?"

"Baa ya tano, nimesema. Kunywa."

Ya tano ni ya magogo, kama nyumba ya wawindaji, na juu ya kaunta pana kengele ya shaba. Wenye kusherehekea ndoa huipiga, kisha hutakiwa kuwaambia waliopo siri ya ndoa yao kudumu. Mhudumu wa hapo, Ignacio, alikuwa anawajua mwaka wa tisa huu.

"Bwana Pruitt! Mbona hukuniambia ni mwaka huu? Piga, piga! Watu watulie!"

Dwight akaipiga. Watu wakatulia. Akawageukia, mkoba ungali begani.

"Mwaka wetu wa kwanza," akaanza, "gari lilitufia Kentucky kwenye theluji. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Mpenzi wangu huyu alivua soksi zake akanivisha, yeye akajifunga miguu kwa magazeti mpaka asubuhi. Siri ni hiyo. Tafuta mtu wa kukupa soksi zake. Ukishampata, usiondoke kwenye kiti chako."

Mwanamke mmoja akalia waziwazi. Ignacio akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia glasi. Na Lorna, ambaye hakuwa ameitwa mpenzi tangu majira ya baridi, alilia mpaka akaona haya. Amerudi, akajiambia. Mume wangu amerudi.

Walipofika kwenye jukwaa la treni mvua ya alasiri ilikuwa inaanza. Lorna akamshika mkono.

"Kwa hiyo unabaki."

Dwight alitazama reli. "Fleti nilitia sahihi Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Kabla hatujapanda ndege."

Lorna aliuachia mkono ule. "Na soksi je?"

"Soksi ni kweli. Sijazisahau, Lorna, na sitazisahau."

"Sasa mbona ukasema mtu asiondoke kwenye kiti? Mbele ya watu wote wale?"

"Walikuwa wamenyamaza wananingoja. Ulitaka niwaambie nini?" Akaigusa beji yake kwa kidole. "Wewe umedanganya kwa hii, mimi kwa mdomo. Basi tuko sawa."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na pini ya beji Lorna alikuwa ameifunga mwenyewe.

Treni ikaingia, milango ikafunguka. Mzee wa zamu, mwenye masharubu meupe, akawaona akatupa mikono juu.

"Hongera, maharusi! Mingine ishirini na mitano!"

"Asante!" wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ileile ya siku zote, na Dwight akampungia.

Lorna akanyoosha mkono, akauvua mkoba wake begani kwa mumewe, akauvaa. Miaka kumi na minne hakuwahi kuubeba mwenyewe siku ya mzunguko.