Alichomnyima Mama Annuarite

Mvua za mwaka ule ziliipiga kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kana kwamba zilikuwa na kisasi nayo. Nyumba za kambi zilijengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na tofali la namna hiyo likinywa maji mengi hurudi kuwa udongo. Kuta zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Huko nyumbani, Uvira na Fizi, vita vilikuwa vingali vikila watu. Huku walikokimbilia, ilikuwa zamu ya mvua.

Shirika moja la makanisa la Lilongwe likaleta lori la maturubai ya kufunikia mapaa na kuta. Halikuwa na desturi ya kugawa lenyewe. Liliwakabidhi wazee wa kanisa, kwa kuwa wazee ndio wawajuao watu wao. Hivyo kazi ikamwangukia Mzee Mulenda wa Fizi, mtu aliyesomeshwa na wamisionari, aliyepiga pasi shati lake hata ndani ya nyumba inayovuja.

Akasimama mlangoni pa kanisa, akigawa. Watu walitaniana kwenye mstari.

"Papa mzee, hii turubai ni kubwa kupita nyumba yangu!" akalalamika Mama Gabriella. "Nitaiweka wapi?"

"Funikia mudomo yako, itaenea!" akajibiwa na mwanamke wa nyuma yake, na mstari mzima ukacheka.

Mulenda naye alikuwa akitabasamu, mpaka alipomwona anayefuata. Alikuwa Cécile, Mama Annuarite. Mumewe, Jules, alipotea siku waasi walipouteka mji wa Uvira, na hakuna aliyeiona maiti yake. Baada ya miaka ya kungoja, Cécile alianza kuishi na Nahayo, fundi cherehani, Mrundi. Kanisa lilikataa kuwafungisha ndoa: bila shahidi wa kifo cha mume, mke bado ni mke. Mulenda mwenyewe ndiye aliyetangaza mbele ya ushirika kwamba Cécile ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapomwacha mwanamume yule na kutubu.

"Papa mzee, samahani," akasema Cécile. "Ukuta ya upande wa kitanda imepasuka. Naomba moja tu."

Nyuma ya mlango, ndani ya chumba cha wazee, yalikuwa yamebaki maturubai kadhaa. Mulenda alikuwa ameyakunja kwa mikono yake mwenyewe. Akamtazama mwanamke aliyeinamisha kichwa, akaona moyoni kwamba shida hii ndiyo ingemfikisha kwenye toba. Akiloa kidogo, atarudi mwenyewe.

"Yamekwisha, Mama Annuarite."

"Aksanti, papa," akajibu Cécile, maana alimwamini.

Neno lile lilimtoka Mulenda kirahisi mno. Maisha yake yote alikuwa amewachapa watoto na kuwakemea watu wazima kwa ajili ya uongo. Sasa akajiambia kwamba yeye hakusema uongo, bali aliahirisha jibu. Ukuta haukuahirisha. Kulipopambazuka uliangukia kitanda cha Annuarite, na mguu wa binti yule ukasagika chini ya udongo.

Mulenda alikuwa miongoni mwa waliofukua. Tope lilimpanda hadi viwikoni, na kila aliyemwona alimsifu; sifa hazikuwa zimepata kumwuma hivyo. Watu walipotawanyika, alirudi kanisani, akayatoa maturubai yaliyobaki, akawagawia upesi majirani wa Cécile. Alijua vema kwamba hakuwa akisaidia mtu. Alikuwa akificha.

Juma lililofuata akaja Théophile, mjumbe wa shirika, Mkongo wa Kalemie aliyehamia mtaa wa Area 36 jijini Lilongwe, ili ampeleke Mulenda huko kumwombea Annuarite, aliyelazwa hospitalini. Njia nzima Théophile alizungumza.

"Mzee, kule ofisini banakusifu sana. Tutajenga nyumba zote zilizoanguka, kwa matofali ya kuchoma. Na msimamizi wa ugawaji ni wewe, hakuna mwingine." Akamtupia jicho. "Unanyamaza? Mutu akisifiwa anacheka kidogo!"

"Ninaomba," akasema Mulenda. Hakuwa akiomba. Alikuwa akipima kama neno moja lisilo na shahidi linaweza kufa peke yake ndani ya mtu.

Wodi ilijaa wagonjwa na jamaa zao. Cécile alikuwa ameketi juu ya mkeka kando ya kitanda. Alipomwona mzee, akapiga magoti.

"Papa mzee, Mungu ameniona. Mi nilikataa kusikia kanisa, njo maana amenipiga kwa mutoto. Nahayo nimeshamufukuza. Siku ya Mungu, mu kanisa, nitasimama mbele ya bantu bote, nitubu. Unishike mukono, unirudishe."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yao: mzee wa kanisa humshika mtubu mkono wa kuume na kumrudisha kwenye benchi la washirika. Hilo ndilo Mulenda alilolitaka tangu mwanzo, na sasa lilimjia bila kuitwa. Angeunyosha mkono tu, neno lake lingezikwa, jina lake lingebaki safi, nyumba zingejengwa chini ya usimamizi wake. Théophile, aliyekuwa miguuni pa kitanda, alivua kofia kwa heshima.

"Na huyu," akaendelea Cécile, akimwonyesha bintiye, "kila siku ananiuliza: mama, mi nilimukosea Mungu nini? Mi nakosa jibu."

Mkono wa Mulenda ulikuwa umekwisha kunyooka. Akaurudisha.

"Inuka, Mama Annuarite. Usinipigie magoti. Maturubai hayakuwa yamekwisha."

"Maturubai gani?"

"Ya siku ile. Yalikuwamo ndani, nyuma yangu. Nilikudanganya, ili uonje uzito wa kutengwa."

Cécile akainuka polepole. Hakupiga kelele.

"Kumbe haikuwa Mungu," akasema. "Ilikuwa we tu."

"Ilikuwa mimi."

"Juma muzima namuogopa Mungu, kumbe ni we!" Akacheka kicheko kikavu. "Na Nahayo nimemufukuza, ameenda analia. Juu yako."

"Pepani, mayi," akasema mwanamke wa kitanda cha pili, akimpa pole kwa Kichewa kwa jambo ambalo hakulielewa.

Théophile akaivaa kofia yake. "Mzee, ungenyamaza," akanong'ona. "Sasa ile kazi ya nyumba nitaisema namna gani?"

"Sema kama ulivyosikia. Mtafute mtu mwingine." Mulenda akamgeukia Cécile, akitaka kuomba msamaha, lakini Cécile akamzuia kwa kiganja.

"Mi sina la kukuambia, papa. Mwambie yeye mutoto. Mi nimemwambia ni Mungu."

Mulenda akainama juu ya kitanda. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa plasta hadi pajani, na madaktari walikwisha kusema kwamba atachechemea. Yakamjia maneno makubwa aliyoyazoea mimbarini, majaribu na maongozi na rehema, akayaona yote hayafai.

"Annuarite, hukumkosea Mungu neno lolote. Mimi nilikuwa na turubai la nyumba yenu, nikawanyima."

Mtoto akamkazia macho. "Juu ya nini?"

"Nilitaka mama yako anyenyekee. Nilitaka aje aniombe."

Annuarite akafikiri kidogo. "Lakini alikuomba."

"Ndiyo," akasema Mulenda. "Aliniomba."