Mwamini Binti Hawa

Kwa jina la Mola aliyeumba ndimi na kuwagawia waja wake kama anavyogawa mvua, tunaanza. Sifa njema zote ni zake, na sala na amani zimfikie Mtume wake.

Ama baada ya hayo, watu wa habari hii ni wachache. Kuna Mama Mwamini, mzaliwa wa kijiji cha Boga, aliyeacha ukoo wa wafuga ng'ombe na kanisa la wazazi wake akaolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa Bunia, ambaye sasa ni marehemu. Kuna mwanawe wa kwanza, Rachidi, mwalimu wa Kurani. Kuna binti yake Mwavita, aliyezaliwa vitani. Na kuna Adèle, binti wa kaka yake, aliyekimbia Boga akapata hifadhi Marabo.

Mama Mwamini hakuwafundisha wanawe Kihema, lugha ya kwao Boga, na haikuwa kwa dharau. Miaka ile ya vita vijana wenye mapanga, maadui wa kabila lake, walifunga barabara kwa magogo, na mtoto akipita walimsalimu kwa upole ili wasikie atajibu kwa lugha gani. Binti wa jirani alijibu kwa Kihema, kama bibi yake alivyomfundisha, na hakuonekana tena. Rachidi alikuwa hajaanza shule. Tangu siku hiyo, kila neno la Boga lilipomponyoka, mama yake alimpiga kofi la mdomo kisha akalia yeye. Watoto wakakua na Kiswahili cha mtaani, Kifaransa cha shule na Kiarabu cha msikitini. Wakapona.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, kiharusi kilimwangusha mama jikoni. Alipozinduka, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Alisema Kihema tu, ambacho mtaani hakuna aliyekijua tena, kwa wepesi wa msichana. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini kila aliposikia nyayo za Rachidi mlangoni aliinua mkono wake mzima, akatamka maneno machache yaliyoishia na “Araali”, kisha akanyamaza, uso umeelekea mlangoni, akingoja.

Rachidi alimpa maji. Alimpa uji. Alimgeuza ubavu, akamsomea Yasini mpaka sauti ikamkauka. Mama alingoja, alingoja, kisha akageukia ukuta. Huyu aliyehifadhi Kitabu chote alishindwa kumwuliza mama yake panapomuuma.

“Huyu Araali ni nani?” alimwuliza dada yake.

“Yaya,” alisema Mwavita, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao, “pengine ni bwana wa Boga mama alimuachaka sababu ya baba. Utashangaa, tuko na wandugu kule!”

“Funga kinywa! Mama yako ndiye unasema vile?”

“Nacheka sababu machozi imeisha, yaya. Kamata moto, enda kwa Adèle. Yeye atamujua. Kama huyo mutu iko muzima, mulete.”

Simu za Boga zilikuwa kimya. Wajomba waliokuwa wakizipokea walikwisha kufa, na Adèle hakuwa na simu. Basi Rachidi akapanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, hadi Marabo, tope likimrukia kanzu. Njia nzima aliomba jambo moja tu: ampate huyo Araali kabla pumzi ya mama haijakatika.

Alimkuta Adèle akianika mihogo juu ya turubai.

“Adèle, mama anataka kuona mutu mumoja mbele ya kufa. Anaitwa Araali. Tumutafute wapi?”

Adèle alimkodolea macho, kisha akacheka hata akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

“Mwanaume muzima na ndevu! Unapanda moto mpaka huku kutafuta Araali? Ni weye!”

“Miye ni Rachidi.”

“Rachidi ni jina baba yako alikupa. Kwetu kila mutoto anapewa mpako, jina ya kumupenda. Baba yangu alitoka Boga mpaka Bunia kukupa yako: Araali. Alikuwa anatuhadisiaka. Kiisha vita ikakuja, shangazi akakataza mutu asikuite vile tena.”

Rachidi akakaa chini, kwenye udongo.

“Sasa mama anasema nini?”

“Anakusalimia, yaya. Kwetu salamu haiko salamu bila mpako. Anakuita kwa yako, na weye unapashwa kumurudishia kwa yake. Ndiyo anangoja.”

“Yake ni gani?”

Kicheko kikamfutika Adèle usoni.

“Sijue. Alitoka Boga mbele nizaliwe. Siye tulimuitaka shangazi tu. Wenye walikuwa wanaijua… tulizika wote. Wengine hatukupata hata kuzika.”

Simu ya Rachidi ikalia. Alikuwa Mwavita.

“Yaya, rudi. Mama ametuacha. Jirani aliingia, mama akasikia nyayo, akainua mukono, akasema ile maneno yake. Akangoja. Mukono ikaanguka.”

Walimzika siku iyo hiyo kabla ya magharibi. Rachidi aliingia kaburini, akampokea mama yake mikononi, akamlaza kuelekea kibla. Udongo uliposhindiliwa, sheikh alichutama upande wa kichwa ili amsomee talkini, mawaidha ya maiti anayeitwa kwa jina la mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, “Mama yake aliitwa nani?”

Watu wakamtazama Adèle, aliyekuja na Rachidi na kusimama nyuma na Mwavita, maana ukoo wote wa Boga pale alikuwa yeye peke yake.

“Alikufa mbele nizaliwe,” alisema. “Baba alimuitaka mama tu.”

Sheikh akafanya kama wanazuoni walivyoelekeza mama wa maiti asipojulikana: akamnasibisha na mama wa watu wote. “Ewe Mwamini, binti Hawa…”

Rachidi akasikiliza mama yake akiitwa kwa jina alilopewa ukubwani aliposilimu, na kwa mama ambaye hakumlea. Watu walipoanza kuondoka, alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo mwekundu. Alitaka kumrudishia salamu yake. Lakini mpako wa mama hakuujua. Nusu ya salamu aliyokuwa nayo ilikuwa jina lake mwenyewe.

“Ni miye, Araali,” alisema. “Nimefika.”

Akangoja, kama mama alivyongoja, mpaka Mwavita akamshika mkono.

Ewe Mola, waliolala umekwisha kuwapokea, nawe wajua majina yao yote. Waliobaki uwahurumie: wanaobeba majina wasiyoyajua, na salamu wasizoweza kuzijibu. Siku utakapowaita mbele yako, waite kwa jina watakalolitambua. Amina.