Mvinyo Uliokaa Kwenye Pipa

Tangu homa ya mwaka juzi, Klementina hakuwa akisikia harufu ya kitu chochote. Alipika kwa kukisia, akimwita mumewe Fridolin anuse sufuria kabla ya kuepua. Kwa hiyo mdogo wake Ponsiano, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mvinyo huko Dodoma, alipofika nyumbani kwao Lipangalala na katoni ya chupa ili wachague kinywaji cha harusi ya Noela, binti wa dada yake, Klementina hakutaka hata kukaa mezani.

"Mimi nitaonja nini? Kwangu yote ni maji."

"Dada, ulimi si unao? Kaa."

Akakaa. Ilikuwa Jumapili mchana, wametoka misani. Divai pekee aliyoijua ni ile ambayo padri huchovya hostia siku za sikukuu.

Ponsiano akaanza na mvinyo mweupe, akamimina kidogo chini ya glasi. Fridolin alinusa akasema embe bichi. Noela akabisha: majani ya mlimau. Klementina aliutia mdomoni, ukamkata pembeni mwa ulimi, mate yakamjaa.

"Mchachu," akasema. "Lakini unakuja halafu unaondoka."

Mweupe wa pili ulikuwa mtamu. Noela aliufurahia, mama yake akausogeza kando. "Hii soda."

Ikafuata zamu ya myekundu. Wa kwanza ulimkausha kinywa, fizi zikashikana kama za mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Fridolin akakunja uso. Klementina akaomba tena. Alitaka kujua ukavu ule unaanzia wapi, kwenye meno au mashavuni.

"Nimeshameza, wenyewe bado upo," alisema.

"Hayo ni maganda ya zabibu," Ponsiano akamwambia. "Mweupe tunaukamua na kuyatoa mapema. Mwekundu tunauacha ulale nayo."

Akafungua chupa ya mwisho. "Huu uzungushe kwanza, kisha uvute kwa pua taratibu."

Alivuta kwa kumridhisha tu. Kitu kikapita. Akavuta tena, hamna. Akafumba macho, akasubiri, akavuta mara nyingine.

"Nani anachoma mabua?"

Fridolin alichungulia dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu, na hata shamba la mpunga la karibu zaidi lilikuwa mbali.

"Hakuna anayechoma," akasema, akimtazama mkewe.

Ponsiano aliweka chupa mezani. "Dada, huu ulikaa kwenye pipa la mti. Ndani pipa lile huchomwa moto kabla ya kutiwa mvinyo."

Klementina akainuka na glasi yake, akaingia jikoni. Walimsikia akifungua makopo, moja baada ya jingine. Kitunguu, hamna. Sabuni, hamna. Kahawa, hamna. Kwenye kopo la karafuu alikaa sana. Kulikuwa na kitu, ila kwa mbali mno, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto na upepo unamchukulia sauti.

Aliporudi macho yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa na haraka.

"Noela, wageni wako wape ule mtamu, wataupenda." Akamgeukia mdogo wake. "Ponsi, hiyo mivinyo ya pipa iko ya aina ngapi?"

"Kiwandani? Kama aina tatu hivi."

"Na mapipa yote ni ya mti mmoja?"

"Sijui, dada. Sijawahi kuuliza."

"Kaulize," alisema, akizungusha glasi. "Ukija harusini, uje na mivinyo hiyo yote."