Jina Kamili la Papa Jeancy

...na kalamu yenyewe imefungwa kamba kama mbuzi, korti ya madai madogo haiamini watu hata kwa kalamu, iweje yeye Goreth alimwamini mtu mzima kwa rand elfu nane bila kipande cha karatasi, "Jina lake kamili, Mama, na anwani ya Cape Town," karani anarudia, jina gani tena, Papa Jeancy ndiye Papa Jeancy, kanisani Papa Jeancy, saluni Papa Jeancy, hata kwenye simu yake kamwandika Papa Jeancy, miaka yote hiyo wamekula sahani moja, na nani anamwita baba wa watu kwa jina lake, si utovu wa adabu huo... haya, adabu hiyo na imlipie kodi ya kiti anachosukia saluni, maana Ijumaa kiti anapewa mwingine, siku ya kukopa alimwambia, "Mama Estella, si tuko ndugu, nikifika kule mwezi moja tu narudisha, karatasi ya nini, Mungu anaona," na Mungu ameona kweli, ameona akanyamaza, kukopa harusi kulipa matanga, "Mama, iko watu nyuma yako," anasema Mkongo mmoja kwenye foleni, eish, na wangoje, yeye amengoja tangu Pasaka, jina hilo analijua Mama Jeancy tu, mkewe, aliyebaki Queensburgh na mtoto, ambaye ibada ikiisha anakimbilia taxi asiulizwe, mwongo yule, anamficha mumewe ili wale pesa za watu... wazile wapi, kitenge chake ni kile kile tangu Krismasi, na Jumapili Goreth alipomdaka mlangoni, kabla hajafungua kinywa, mwenzake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Weye anakupigia simu, Mama Estella?" akaona ni ujanja, akamsonya... lakini mtu haulizi hivyo kwa ujanja, macho yale hayakuwa ya ujanja, Mungu wangu, hata yeye hapigiwi, mumewe alisema anatangulia tu, atawatumia nauli, hakutuma, hakukusudia kutuma, alikopa ili amkimbie mkewe, na nauli ya kumkimbia ameitoa nani, ameitoa Goreth, ameihesabu kwa mkono wake na kumwombea safari njema... "Jina, Mama?" karani anagonga meza kwa kidole, na hasira haijapungua hata chembe, ila leo si yake peke yake, kesho ataenda Queensburgh, si kudai, atamleta mwenzake hapa dirishani aliseme jina la mumewe kwa kinywa chake, lote, hadi la ukoo, na kalamu bado iko mkononi, na nafasi ya jina bado ni tupu.